Trei Zangu Zimelia Mbele ya Foleni

Wueh! Leo nimeaibika. Si ile aibu ndogo ya kuteleza kwenye matope ukaamka ukijifanya unatafuta kitu. Hii ni ile ya kutamani ujipigilie misumari mwenyewe ndani ya sanduku usafirishwe mbali, mtu asikuulize kitu.

Kwa wale hawanijui, naitwa Wambui, ingawa wengi mnaniita Mama Tevin. Natengeneza trei za mbao hapa Langas, Eldoret. Zile za kubebea chai na chakula, zina mishikio pande mbili na maua nimechora kwa mkono. Juzi nilipata oda kubwa kuliko zote tangu nianze. Hoteli moja mpya kule Diani, Pwani karibu na Mombasa, inataka trei za vyumba vyote. Wanafungua wikendi hii. Kwa hivyo mzigo lazima utoke Eldoret leo na lori la mchana, la sivyo wageni watabebewa chai mkononi kama kwenye matanga.

Sasa, mimi upande wa kufunga mizigo nina maringo kidogo. (Sawa, si kidogo.) Kuna watu wanatuma trei zikiwa zimefungwa na kamba ya sisal kama kuni, halafu zikifika zimekwaruzana wanalaumu barabara. Mimi? Kila trei naizungushia gazeti. Naziweka mbili mbili, uso kwa uso, katikati kipande cha blanketi kuukuu. Kona zote navalisha katoni. Halafu zinaingia kwenye sanduku la mbao nimeunda mwenyewe, na kila nafasi iliyobaki najaza maranda, yale maganda laini yanatoka kwa mbao ukipiga randa. Ukimaliza, sanduku unaweza kulitikisa hadi mabega yaume na hakuna kitu kitasonga.

Hiyo sifa yote ni ya kweli. Naomba mkumbuke hivyo mkiendelea kusoma.

Asubuhi nilikuwa nimemaliza kupanga. Imebaki kufunika tu. Nikaona, kazi nzuri hivi, mbona nisiwafundishe watu? Nikaingia ndani, nikavaa ile blauzi yangu ya njano, nikapaka mdomo rangi, nikarudi karakana, nikaegemeza simu kwenye mkebe wa vanishi na kuanza kujirekodi. Mimi mbele. Nyuma yangu sanduku, wazi, limejaa maranda safi, meupe, ya kupendeza. Kama kitanda.

"Hamjambo marafiki," nikaanza na ile sauti yangu ya mtandaoni. "Leo nawafundisha kufunga trei za kusafiri mbali. Siri ni moja tu: macho. Sitoi macho kwa sanduku langu. Hakuna kitu kinaingia humu bila mimi kujua!"

Nikaongea. Wacha niongee! Nikaeleza mambo ya kona, nikaeleza unyevu wa Pwani, nikaeleza kwa nini misumari hupigwa ikiwa imelala kidogo. Nikageuka, uso bado uko kwa simu, nikatabasamu, nikateleza katoni pana juu ya maranda, nikaweka kifuniko na kugonga misumari bila kuangalia sana chini. (Fundi wa kweli mkono unajijua.) Juu nikaandika kwa rangi nyekundu: BEBA POLEPOLE. Nikarusha hiyo video mtandaoni palepale.

Wakati huohuo nikasikia mama mkwe ananiita huko uani.

Mama amekuja kukaa na sisi kutoka nyumbani kwao karibu na ziwa, na amekuja na kuku wake mmoja, wa kahawia, anamwita Madam. Anamwita Madam kwa sababu ya vile anatembea, shingo mbele, kama mwalimu mkuu anakagua kucha. Hiyo kuku ina chumba chake. Inakula kabla yetu. Tabia yake mbaya ni moja: haitagi pale imewekewa. Kila siku inatoroka kutafuta mahali pa siri.

"Mama Tevin! Umeona Madam?"

"Sijamwona, Mama. Angalia huko kwa Mama Chebet." Mama Chebet ni jirani yetu, ua wake na wetu umeshikana. Na sijui shetani gani alinisukuma kuongeza: "Hiyo kuku inaenda huko kila siku. Labda wanakula hayo mayai."

Mama akafunga leso kiunoni. Mimi nikaona pikapu ya Wafula imeingia, nikasahau hayo maneno hapohapo.

Wafula ndiye hunibebea mizigo hadi mjini. Tukapakia sanduku, mimi nikisimamia. "Polepole! Soma hapo juu!" Tukaondoka. Barabara yetu mnaijua, mashimo ni mengi hadi yamepewa majina. Tukiwa karibu na lami Wafula akapunguza mwendo, akainamisha kichwa.

"Mama Tevin, unasikia kitu kama kuku?"

Nikasikiza. Kweli kulikuwa na kasauti. Kok. Kimya. Kok.

"Hiyo ni springi ya gari yako," nikamwambia. "Peleka kwa fundi kabla ituangushe."

"Hii gari nimeitoa kwa fundi jana."

"Basi fundi amekuibia."

Wafula akaongeza mwendo, masikini. Mimi nikatoa simu nione darasa langu linaendaje. Wacha! Watu walikuwa wamejaa! Sijawahi kupata watu hivyo. Na maoni yalikuwa yanaingia haraka hadi siwezi kusoma yote.

"Nyuma!!"

"Mama angalia nyuma."

"Hahaha nyuma yako!"

Nikafurahi sana. Nyuma yangu ilikuwa karakana yangu, nilikuwa nimepaka ukuta rangi wiki iliyopita. Nikawajibu kwa roho safi: "Asanteni wapendwa, nyuma ni karakana yangu mpya, karibuni sana." Mtu akaweka vile vijiuso vingi vinavyotoa machozi. Nikajua ameguswa.

(Naomba msirudi kusoma hayo majibu. Nimefuta. Lakini najua kuna watu wamepiga picha.)

Tukafika ofisi ya mizigo pale mjini. Foleni ilikuwa mpaka nje. Magunia, magodoro, friji imefungwa shuka, mama mmoja kutoka Kesses na gunia la maharagwe anamtumia binti yake. Mimi na sanduku langu tukaingia kama arusi. Watu wakageuka. Mzee mmoja alikuwa amefunga redio yake ndani ya sweta tu. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, "Mzee, hiyo haitafika. Tafuta katoni, weka kona, jaza maranda." Akaniuliza kama nafanya kazi hapo. Nikamwambia hapana, lakini ningefaa.

Zamu yangu ikafika. Karani wa hapo anaitwa Kiprop, mwanaume wa makamo, mtulivu, haongei mbio.

"Mzigo ni nini, Mama?"

"Trei."

"Za mayai?"

Jamani, hicho ndicho kitu kinaniudhi kwa hii kazi! Kila nikisema trei mtu anafikiria mayai. Nikajinyoosha. "Si za mayai. Ni za mbao, za hoteli, zinaenda Diani. Hakuna yai hapa."

"Sawa, Mama. Kuna kitu inavunjika haraka? Kitu ya kuoza? Kitu hai?"

"Hai?" Nikacheka, nikageukia foleni nao wacheke na mimi. "Bwana Kiprop, hilo sanduku nimelifunga kwa mkono wangu, nikiwa macho, na kuna ushahidi wa video. Hata siafu haina nafasi humo ndani."

Wakati huo simu ikalia. Ni Bi Zuhura, yule dada wa hoteli anayenunua vitu, anapiga kwa video. Alikuwa amesema lazima auone mzigo ukipokelewa, maana mtu wa kwanza waliyempa hiyo kazi aliwatumia trei zimepasuka. Kwa hivyo hapo ndipo jina langu lilikuwa linapimwa. Nikashika simu juu, nikamwonyesha sanduku, nikamwonyesha maandishi mekundu.

"Mashallah, kazi nadhifu," akasema Bi Zuhura. "Wabebe basi nione."

Wabebaji wawili wakaliinua kuliweka kwa mizani. Mmoja akainua juu sana, sanduku likainama.

"KOK-KOK-KOK-KODAAAK!"

Ofisi nzima ikageuka. Hata yule alikuwa anabishana kuhusu friji akageuka.

Nikatabasamu. Sijui kwa nini huwa natabasamu nikikwama. "Hiyo ni simu ya mtu," nikasema.

"KOK-KOK-KOK-KODAAAAK!"

"Mtu azime simu, tafadhali!"

Kiprop akasukuma kiti nyuma, akainuka, akaweka sikio kwa sanduku. Akakaa hivyo kidogo kama daktari. Halafu akaniangalia kwa upole.

"Mama," akasema, "trei zako zinalia."

Foleni ikapasuka. Bi Zuhura kwenye simu naye: "Wambui, mbona nasikia kuku? Ni kuku huyo?"

"Ni... ni huku mjini, Bi Zuhura. Kuna soko karibu."

Kuku anatetea, mimi najitetea. Na mwenye sauti kubwa hakuwa mimi.

Sasa yule mama wa Kesses, mwenye maharagwe, alikuwa ananiangalia tangu niingie. Akatoa simu yake, akaivuta karibu na macho, akaniangalia tena. "Ngoja kwanza. Si wewe ni huyu wa blauzi ya njano? Msichana wangu amenitumia hii sasa hivi." Akaiinua watu waone.

Na mimi nikaona, kwa mara ya kwanza, video yangu mwenyewe.

Niko mbele, mdomo mwekundu, kidole juu. "Sitoi macho kwa sanduku langu." Nyuma yangu, Madam anaingia kwa mlango wa karakana, shingo mbele. Anasimama. Anaangalia kushoto. Anaangalia kulia. "Hakuna kitu kinaingia humu," nasema mimi, "bila mimi kujua!" Na Madam anaruka, anaingia kwa sanduku, anachimba maranda kwa kona, anazunguka mara moja, anakaa. Kinabaki kichwa. Kichwa kinaangalia kamera. Halafu kinazama. Halafu mimi nageuka na tabasamu langu na kumfunika.

Jamani! Nilimfunika kama mtoto analazwa!

Mtu alikuwa amekaa kwa godoro lake, akaanguka akicheka. Wafula alikuwa ameshika ukuta. "Springi," alikuwa anasema tu. "Springi!" Yule mzee wa redio hakucheka. Alishika tu sweta yake karibu na kifua na kunitazama kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

"Lazima tufungue," akasema Kiprop.

Wakaleta nyundo. Nikang'oa misumari mwenyewe, na ilikataa kutoka kwa sababu nilikuwa nimeipiga vizuri. (Ikiwa imelala kidogo, kama nilivyofundisha.) Kifuniko kikatoka. Nikavuta katoni. Madam akainuka polepole kutoka kwa maranda, akajikung'uta, akatuangalia wote kama sisi ndio tumeingia chumbani kwake bila kubisha. Pale alikuwa amekalia, kwenye maranda, kulikuwa na yai. La joto. Zima.

Kiprop akalichukua kwa vidole viwili, akaligeuza kwa mwanga.

"Na ulisema si za mayai."

Sina la kusema kuhusu kicheko kilichofuata, ila nadhani kilifika mpaka stendi.

Na hapo Madam akaamua kuondoka. Akaruka juu ya mizani, akaruka kwa meza ya Kiprop, karatasi zikaruka, akaingia katikati ya watu. "Mshike!" Kila mtu akawa fundi wa kuku. Mmoja anasema mzunguke kushoto, mwingine anasema tumieni maharagwe. Mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: hiyo kuku ikitoka nje kwenye barabara, nitaanza kumweleza mama mkwe kutoka wapi? Nikamwona amesimama karibu na gunia la maharagwe. Nikajirusha. Na blauzi ya njano na kila kitu, nikajirusha kama golikipa. Gunia likaanguka, mdomo ukafunguka, maharagwe yakamwagika, mimi juu yake, Madam mikononi, unyoya mmoja mdomoni.

"Nimemshika!"

Wakanipigia makofi. Na Bi Zuhura? Simu ilikuwa imeanguka ikiangalia juu, kwa hivyo alikuwa ameona kila kitu kutoka chini, hasa mimi nikipita hewani.

Nilipoiokota nilikuwa najua nimepoteza kazi. Nikaweka simu mbele ya uso, maranda kwa nywele, kuku kwapani.

"Bi Zuhura, naomba nieleze..."

Bi Zuhura alikuwa analia kwa kicheko, na nyuma yake nikaona wapishi watatu wamejipanga kuangalia. Mwishowe akapangusa macho. "Subiri kwanza. Zile trei je? Nifungulie nione."

Nikafungua ya juu kabisa, ile kuku alikuwa amekalia. Nikatoa gazeti. Nikaigeuza pande zote mbele ya kamera. Hakuna mkwaruzo. Hakuna alama. Nikatoa ya pili, hivyo hivyo. Na hapo, wapendwa, maringo yangu yakaanza kurudi mwilini polepole kama damu kwa mguu uliokufa ganzi.

"Bi Zuhura," nikasema, sauti imesimama, "hilo sanduku limepita barabara ya Langas. Kuku mzima amekuwa ndani, amechimba, amezunguka, ameinamishwa, ametaga. Na yai halikupasuka."

"Wallahi kweli," akasema. "Funga, mwanangu, ulete. Kama yai limesalimika, vyombo vyangu sina shaka navyo. Lakini safari hii uangalie nyuma."

Nikafunga upya, pale pale, foleni yote ikisimamia. Nilibadilisha maranda yaliyochafuka kwa yale ya akiba nilikuwa nimebeba, nikapanga, nikafunika na katoni. Kabla sijaweka kifuniko watu wote wakapiga kelele kwa pamoja: "Nyuma!" Nikageuka. Kiprop akapima, akabandika, sanduku likapanda lori. Nikamsaidia mama wa Kesses kuokota maharagwe yake yote, tukiwa tumepiga magoti, na nikamshonea mdomo wa gunia mara mbili. Yule mzee wa redio akaja polepole akaniuliza, "Hayo maranda yako yamebaki?" Nikamfungia redio yake bure, kwa katoni, na kona zake. Akaangalia ndani mara mbili kabla sijafunika. Sikumlaumu.

Nikiwa njiani kurudi, mama mkwe akapiga simu. Alikuwa ameenda kwa Mama Chebet na leso kiunoni, wameambizana maneno makubwa, na sasa hawasalimiani. Kwa sababu yangu. Hapo kicheko kikaniisha.

Nilipofika sikuingia nyumbani kwanza. Nilienda moja kwa moja kwa Mama Chebet, Madam bado kwapani, nikamwita mama mkwe naye akaja. Nikasema mbele yao wote: "Mama, kuku hakuwa hapa. Mimi ndiye nilimfungia na misumari nikampeleka mjini. Mama Chebet, nimekuharibia jina bure, naomba msamaha."

Halafu nikawaonyesha video, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kueleza.

Mama alitazama mpaka mwisho, uso mgumu. Akamchukua Madam, akamshika mbele ya uso wake. "Ulikuwa unaenda Mombasa," akamwambia, "na hujaniaga?" Mama Chebet alikuwa wa kwanza kuanguka kwa kiti. Wakashikana mikono wakicheka, wazee wawili, na mimi nimesimama hapo kama mtuhumiwa. Baadaye Mama Chebet akapangusa macho, akasema amenisamehe, lakini anataka trei. "Kubwa. Na unichoree kuku katikati." Mama akasema na yeye pia anataka. Sasa nimeanza kuchora.

Lori liko njiani na trei ni salama. Kazi yangu ni nzuri, na mwenye kubisha aje nimwonyeshe yai. Ila kesho nitapita mjini kununua rangi, na nawaomba mnisalimie kama mtu wa kawaida. Atakayenipigia kok-kok pale barabarani, aelewe kwamba nina nyundo, nina misumari, na najua lori la Pwani linaondoka saa ngapi.